Mamako anangoja ua lako

Shoga yangu Zainabu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Kaskazi imeingia, joto si la kusema. Niwie radhi kwa kimya hiki cha miezi mitatu. Nilingoja nikupe habari njema ya zile mbegu zako za akwilejia, lile ua la nchi za baridi, na habari yenyewe imekuja nusu.

Nilifanya ulivyoniagiza. Nilizifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, nikaziweka ndani ya friji wiki 4, maana ulisema zisipoonja baridi hazizinduki. Kisha nikazitandaza juu ya mchanga na samadi ya punda iliyokwisha kuoza, sikuzifukia, zipate mwangaza. Ikachomoza miche 5! Nilimwita mamako, akaja na tasbihi mkononi. Leo imebaki 2. Nimeisogeza kiwandani, pale uani ndani ya nyumba, karibu na birika la maji, jua haliifikii, lakini usiku wetu nao una joto na majani yanakauka pembeni.

Linaloniumiza ni mamako. Ile picha uliyotuma, ya ua lenye mikia mitano kwa nyuma, ameiweka chini ya mto. Kila nikipita: "La mwanangu limefungua?" Juzi alikuwa akichuma asumini zake, akaniambia likifungua atalitia kwenye kikuba. Nilinyamaza, Zainabu. Nitamwambiaje kwamba mmea huu hauchanui mpaka upitiwe na baridi ya miezi, na baridi hiyo hapa kisiwani Amu haiji?

Salim anakwenda Limuru wiki ijayo. Nimewaza nimpe mche mmoja, pamoja na kopo lake, maana mzizi wake ni mrefu na hautaki kung'olewa. Kule usiku kuna baridi ya haki, huenda ukapona. Huu wa pili nitabaki nao hapa, mamako asione kopo tupu.

Ila ua lenyewe anataka alishike.

Huko yanachanua Mei, sivyo? Waweza kukausha moja ndani ya kitabu ukamtumia? Lile la zambarau bado lipo, au yamechanganyikana rangi kama ulivyoniambia? Nimweleze mimi sasa, au ningoje umweleze mwenyewe? Na Maulidi utakuja? Jana ameniuliza hilo mara mbili, kabla hata ya kuuliza ua.

Nduguyo,
Mwanaisha