Barua kwa mwanangu: nyimbo za mama yako

Mwanangu mpenzi,

Ile siku umeunganisha simu yako na spika hapa sebuleni ukaniuliza "hivi mama hizi nyimbo za zamani unazipendea nini, mbona haziishi?" nilikujibu juu juu nikaenda zangu jikoni, ila swali lako halikunitoka, leo nimepata nafasi nikasema ngoja nimuandikie mtoto vizuri.

Ujue mimi nimekulia Kilosa, mkoani Morogoro, nyumba za reli, na babu yako alikuwa na redio moja ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Betri zikianza kuchoka alizitoa akazianika juani juu ya bati, jioni anazirudisha redio inaongea tena kidogo. Sasa kwa huo muda kidogo huwezi kuchezea, kilichopigwa Radio Tanzania ndo hicho utasikiliza mpaka neno la mwisho, na mzee alikuwa anauliza baadae, "huyo mwanamke kwenye wimbo alikosea wapi?" na lazima ujibu. Ndo maana mpaka leo wimbo ambao maneno yake siyashiki unanipita tu.

Alafu ikaja Januari 1979. Vita ya Kagera imepamba moto, babu yako habanduki kwenye redio anasubiri habari za wanajeshi wetu, mimi nina miaka nane, na ni kwenye redio hiyohiyo tukasikia Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Kwa sisi watu wa Morogoro Mbaraka alikuwa mtoto wa nyumbani, alipiga na bendi ya Morogoro Jazz mpaka akaenda kuanzisha Super Volcano yake, na lile gitaa lake la solo ulikuwa unalijua kabla hajafungua mdomo kuimba. Babu yako alizima redio mwenyewe, betri zina nguvu na vita inaendelea. Sikuwahi kumuona akifanya vile. Toka siku hiyo nikawa nalitafuta lile gitaa kwenye kila wimbo.

Bibi yako yeye mtu wa Tanga, kwake ni taarab tu, yule mwimbaji Shakila enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, anakuna nazi huku anaimba taratibu. Mafumbo niliyajulia hapo, maana bibi yako alikuwa anamaliza maneno na jirani kwa mstari mmoja wa wimbo na jina la mtu hajalitaja.

Nilipokuja Dar mwaka 1991 kukaa kwa shangazi Ilala, ndo nikaenda kuwaona bendi ya Mlimani Park, hao Sikinde, pale ukumbi wa DDC Kariakoo. Mwanangu, ile siku! Watu walikuwa wamegawanyika, huyu Sikinde yule Msondo, bendi pinzani, kama Simba na Yanga, na mimi nilikuwa Sikinde kabla sijafika. Wimbo unaanza polepole, mwimbaji na ile sauti yake ya juu anakusimulia kisa cha ndoa kizima, nani kaondoka, nani kabaki na watoto, watu wamesimama wanasikiliza kabisa, alafu hadithi ikiisha ndo tarumbeta zinaingia, gitaa zinaanza kujibizana, solo, rithimu, bezi, tumba chini yake, wimbo unachemka na kila mtu yuko katikati. Unacheza kisa ulichokisikia. Wewe unaona wimbo hauishi, mimi naona wimbo umenipa muda wa kuumia kwanza ndo nicheze.

Na usidhani nimeganda kwa wazee tu. Professor Jay alipotoa ule wa mgombea anayeahidi kila kitu, wewe hujazaliwa bado, niliupenda siku ileile, maana ni kisa, kila neno linasikika, babu yako angekuuliza maswali. Alafu akaja kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, hukohuko wilayani kwetu Kilosa! Hizi zenu za saivi nyingine nazipenda, ila dakika mbili na nusu kaka anaita tu jina la mpenzi, simjui ni nani, wamekutanaje, na wimbo umeshakwisha, kwakweli hapo nabaki na njaa.

Sasa sikia. Chini ya kitanda changu kuna boksi la kaseti. Ile yenye mwandiko wa peni nyekundu babu yako aliirekodi kwa kuweka rekoda mbele ya redio, nyumba nzima tumeambiwa tunyamaze, na katikati ya solo utamsikia bibi yako uani anafukuza mbuzi kwenye unga. Ukija Desemba ulizia huko chuoni kama kuna mtu anajua kuihamishia kwenye flashi, mkanda umeanza kulegea. Usiupige kabla hujapata huyo mtu. Na siku ya kuhamisha nataka niwepo.

Mama yako