Ushuru wa data unamkatia mwanangu tiba

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka Malaba, upande wa Uganda. Mwanangu ana miaka kumi na ana usonji. Kinachomtesa zaidi ni hofu ya honi za malori, na hapa mpakani malori yanapanga foleni mchana kutwa. Honi ikilia anaziba masikio na kuingia uvunguni mwa kitanda; shule siku hiyo ndiyo basi.

Sasa tumo kwenye kikundi cha tiba kwa njia ya video: watoto watano, wazazi wao, na mtaalamu aliye Kampala. Mtoto anafundishwa kuikabili hofu kidogo kidogo, mzazi akiwa pembeni, kama walivyofanya mtafiti Judy Reaven na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Kwetu naweka punje kumi za mahindi kwenye kisahani. Nafungulia sauti ya honi kwenye simu, chini kabisa, naye anasogeza punje kadiri anavyoogopa. Siku ya kwanza alisogeza zote kumi hata sijabonyeza. Sasa anasogeza nne, na sauti tumeshaipandisha. Kuna mtoto wa Gulu anayeogopa ngurumo. Alipoona punje zetu, naye akaleta za kwake, maharage. Mwanangu hana rafiki mwingine.

Kikao ni saa moja na nusu. Jumamosi iliyopita bando liliisha zamu yake ilipofika. Nilikimbia kwenye kibanda cha kuuza bando. Narudi, nakuta mwanangu keshaingia uvunguni. Hakutoka hadi jioni.

Mhariri, tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12. Sheria hiyohiyo imesamehe data ya huduma za tiba na ya elimu. Msamaha huo mimi sijauona. Nikinunua bando hakuna anayeniuliza la nini. Kwa vikao 14 tulivyopangiwa, ushuru huo unafika bei ya bando la kikao kizima na zaidi, na kwa mama anayeuza mboga hiyo si pesa ndogo.

Naiomba Wizara ya Fedha ikae na kampuni za simu: mtaalamu aliyesajiliwa apeleke namba za wazazi wa kikundi chake, nasi tuuziwe bando bila ushuru huo.

Jumamosi hii ni kikao cha tisa. Tutajaribu kufungua dirisha la upande wa barabara. Bando nimeshanunua.

Mzazi,
Malaba, wilaya ya Tororo