Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Matembezi ya Historia katika Mitaa ya Zamani ya Kisumu

Wanachama wapendwa, wazee wetu na wenye maduka mliofika,

Kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu ni ile mliyotukabidhi katika mkutano mkuu uliopita: kubuni njia ya matembezi ya kihistoria itakayowarudisha watu katika mitaa ya zamani ya mji wetu. Sote tumeshuhudia wanunuzi wakihamia maduka makubwa ya kisasa, huku majengo ya kale yenye baraza pana na mapaa ya mabati yakibaki na wapangaji wachache, na wenyewe wakishawishiwa kuyabomoa ili wajenge maghorofa. Nafurahi kuwaarifu kwamba ramani ya njia imekamilika, na vijana wa kwanza wa kuongoza wageni, wote wakiwa wa mitaa yetu, wamekwisha kufunzwa.

Matembezi yanaanzia stesheni ya reli, wala hapakuwa na mahali panapofaa zaidi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901, baada ya takriban kilomita 940, na kituo kikaitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli hiyo. Wakati huo eneo letu lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, hadi mpaka ulipobadilishwa mwaka 1902. Bandarini mgeni anaelezwa jinsi meli kama Winifred zilivyoundwa Paisley, Scotland, zikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa hadi huku, kisha zikaungwa upya na mafundi papa hapa Kisumu.

Kutoka hapo msafara unaingia Barabara ya Oginga Odinga na vichochoro vinavyopakana nayo, ambako wafanyabiashara wa Kihindi walioifuata reli, akiwemo Alidina Visram, walifungua biashara zao. Tumewasihi vijana wetu wasipite hapa kwa haraka. Mgeni asimame chini ya baraza, azitazame nguzo na mwaka wa ujenzi uliochorwa kwenye plasta juu ya mlango, kisha azungumze na fundi cherehani anayeshona mbele ya duka, na akipenda amwachie kazi. Kamati inaamini kwa dhati kwamba fundi huyo ni sehemu ya historia ya mtaa sawa na ukuta ulio nyuma yake, na kwamba matembezi yasiyomwachia hata shilingi hayataufufua mtaa wowote.

Mnara wa saa nao umepewa muda wake. Maandishi yaliyo juu yake yanaeleza kwamba ulijengwa na wana wa Kassim Lakha kwa kumbukumbu ya baba yao, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufariki Kampala mwaka 1910. Ulizinduliwa mwaka 1938 na Gavana Robert Brooke-Popham. Watu hupita chini yake kila siku wakikimbilia matatu bila kuinua macho.

Mjadala mkali zaidi katika kamati ulihusu mahali pa kumalizia. Baadhi ya wajumbe walipendekeza tuishie mnarani, kwa hoja kwamba wageni huchoka na jua la Kisumu ni kali. Nilipinga, na wengi wakaniunga mkono, kwa sababu njia inayoishia hapo ingemwambia mgeni kwamba mji huu ulijengwa na Waingereza na Wahindi peke yao. Kwa hiyo tunaendelea hadi Kaloleni, mtaa wenye jamii ya Kiislamu ya tangu zamani, na ambako upo Ukumbi wa Ofafa, uliojengwa na Luo Union, chama cha Waluo, kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Wazee wa Kaloleni wamekubali kusimulia wao wenyewe, na nawashukuru sana. Suala la jua tumelitatua kwa kupanga matembezi yaanze saa moja asubuhi, kabla ya joto na kabla ya mvua za alasiri.

Tulitafakari pia mfano wa Boston, Marekani, ambako tangu mwaka 1951 wageni hufuata njia ya kihistoria ya takriban kilomita 4, inayoonyeshwa na mstari mwekundu ardhini. Kwetu mstari wa aina hiyo ungefunikwa na bidhaa za wachuuzi na vumbi, na hatukutaka mchuuzi yeyote aondolewe kwa ajili ya mstari wa rangi. Tumechagua vibao vidogo ukutani, kwa Kiswahili, Dholuo na Kiingereza.

Vibao hivyo vinahitaji idhini ya wenye majengo, na hapo ndipo tulipokwama. Baadhi yao wanahofu kwamba kibao ni hatua ya kwanza ya kunyang'anywa mali. Napenda ieleweke kwamba kibao chetu hakina nguvu yoyote ya kisheria. Hata jengo likitangazwa rasmi kuwa turathi chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, mwenye jengo hubaki mmiliki wake, ingawa hawezi kulibomoa au kulibadilisha bila kibali.

Hesabu zitasomwa na mweka hazina. Kwa upande wangu, naomba mkutano huu uidhinishe mambo mawili: kila mwanachama mwenye jengo kwenye njia atie sahihi fomu ya idhini kabla ya kuondoka leo, na sehemu ya ada ya wageni ilipwe moja kwa moja kwa wazee wasimulizi wa Kaloleni.

Mwenyekiti