Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Heshima kwa Mjumbe Wetu kwenye Bodi ya Shule

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wazazi inanitaka kila mwaka nisimame mbele yenu nieleze tuliyofanya na yaliyotushinda. Ya kawaida nitayapitia haraka. Vikao vya kamati tendaji vilifanyika kama ilivyopangwa na akidi ilitimia, ingawa mara nyingine ilibidi katibu awapigie watu simu tukiwa tumeshakaa. Hesabu zimekaguliwa, mhazini atazisoma baada yangu, na maswali ya fedha naomba mumwachie yeye. Ada bado zinalipwa kwa kusuasua. Hilo nililisema mwaka jana na mwaka juzi, basi leo lipite.

Jambo kubwa la mwaka huu ni kwamba kamati imeamua kwa kauli moja kumtunuku cheti cha utumishi mwenzetu aliyetuwakilisha kwenye bodi ya shule kwa kujitolea, ambaye muda wake unamalizika na amesema hagombei tena. Ameomba jina lake lisiandikwe humu kwa kuwa nakala za taarifa husambaa, nami nimemkubalia. Hakuna humu ndani asiyemjua.

Wengi wetu tunadhani kazi ya bodi ni kukaa meza kuu siku ya mahafali. Dada yetu amefanya kazi nyingine kabisa. Makabrasha ya kikao humfikia mjumbe siku chache kabla, na yeye huyasoma yote, na viambatisho pia. Kwenye bajeti alikuwa na mstari mmoja anaoanza nao kila mara, ule ulioandikwa "Mengineyo". Aliuliza mengineyo ni yapi, akaendelea kuuliza kila kikao mpaka mstari ule ukaanza kuja umechambuliwa bila mtu kuombwa. Shule ilipoahidiwa kompyuta za msaada, wengine wakipiga makofi, yeye aliuliza nani atalipia umeme na matengenezo mwaka wa pili. Swali liliudhi, lakini ndilo lililofanya bodi itenge fedha za matengenezo kabla ya kupokea.

Suala la vyoo nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu waliolisikia wamelisikia nusunusu. Bodi ilikuwa imepangiwa kujadili kupaka rangi ukuta wa mbele. Yeye akaomba vyoo vya wasichana viingizwe kwenye ajenda, akajibiwa kwamba vyoo vipo. Ni kweli, vilikuwepo. Akaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akaenda kusimama karibu na vyoo hivyo wakati wa mapumziko, ana saa na daftari. Kengele ya kurudi darasani ililia foleni ikiwa bado ndefu. Baadhi ya milango haikuwa na komeo, kwa hiyo kila msichana aliyeingia alihitaji mwenzake wa kumshikia mlango, na huyo naye akitoka kushika mlango anaingia yeye, anashikiwa. Aliandika pia kwamba wapo waliokata tamaa wakarudi darasani bila kuingia.

Kikao kilichofuata alikuja na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu maji na usafi shuleni. Mwongozo huo unapendekeza tundu 1 la choo kwa wasichana 25, na kwa wavulana tundu 1 pamoja na sehemu 1 ya kukojolea kwa kila 50. Hakuhutubia. Aliandika idadi ya wasichana wetu, chini yake idadi ya matundu yetu, akawaachia wajumbe wagawanye wenyewe. Makomeo yalifungwa upesi, maana komeo halingoji kura ya bodi. Matundu mapya yalipita njia ndefu ya makadirio, zabuni na ukaguzi, naye aliifuata hatua kwa hatua mpaka yakafunguliwa. Ukuta wa mbele ungali na rangi yake ya zamani, na sijasikia mtoto aliyekosa kipindi kwa sababu ya ukuta.

Bodi ilipotaka kubadili kanuni za nidhamu, aliwakumbusha wenzake ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, inayompa mtoto haki ya kutoa maoni kwa mambo yanayomhusu. Viongozi wa wanafunzi wakaitwa. Ombi lao lilikuwa dogo na la busara: aliyechelewa asiadhibiwe kwa kuzuiwa getini, kwa sababu hapo anakosa kipindi kizima badala ya dakika chache. Limekubaliwa.

Sitaki kujifanya kwamba sote tulimpenda muda wote. Wapo waliomnunia. Mzazi akimfuata na malalamiko juu ya mwalimu, alimuuliza kwanza kama ameshaongea na mwalimu wa darasa, kisha mkuu wa shule, na kama bado alimrudisha huko. Wengine waliona anawalinda walimu. Sababu ni nyingine: lalamiko lisipopata suluhu chini huweza kufika bodi kama rufaa, na mjumbe aliyekwisha kushika upande hawezi tena kukaa kuamua. Hata siri za kesi za nidhamu hakuzitoa. Nami nilishawahi kumdodosa, akaniambia ningoje muhtasari.

Kuhusu namna ya kumuenzi, palikuwa na mvutano. Wapo waliotaka tungoje tarehe 5 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea iliyoanzishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Kamati iliona heshima hii inatoka kwa wanachama, na wanachama tunakutana leo. Hoja ya kumpa bahasha ndiyo iliyochukua muda. Nia ilikuwa njema, ila mpaka muda wake uishe bado anapiga kura bodini, ikiwemo kwa maombi yanayotoka kwetu. Fedha yetu mkononi mwake ingeweka swali kwenye kila kura hiyo. Na huyu ndiye mtu ambaye jamaa yake alipoomba zabuni ya madawati, alitangaza maslahi yake na kutoka nje ya kikao. Kumpa bahasha kungekuwa kumvunjia heshima.

Nauli ni jambo jingine. Miaka yote hii alijilipia nauli na kuchapisha makabrasha kwa fedha yake, na sidhani iendelee hivyo. Anayejitolea anatoa muda wake na akili yake. Tukimtaka atoe na pochi, kiti hiki kitakuwa cha wenye nacho peke yao. Kwa hiyo kamati inaleta hoja mbele yenu kwamba mwakilishi ajaye arudishiwe nauli na gharama za uchapishaji kwa risiti, si zaidi ya hapo. Mtaipigia kura baada ya taarifa ya mhazini.

Pendekezo la pili halihitaji kura. Tumtafutie mrithi atakayesaidiwa na watu wawili au watatu wa kugawana naye usomaji wa makabrasha ya wazi, kwa sababu tulimwachia mtu mmoja mzigo wa chama kizima na tukazoea. Mwenyewe amekubali kukaa na mrithi wake kumpitisha kwenye mafaili.

Fomu za kugombea ziko kwa katibu na zitapokelewa hadi mwisho wa mkutano huu. Mpaka naandika taarifa hii, hakuna aliyechukua.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti