Anayelia zaidi siye wa kwanza kubebwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Jengo likiporomoka au basi likipinduka watu wanakimbilia kusaidia na hilo ni jema kabisa, maana wengi wanaotoka hai kwenye kifusi wanatolewa na majirani masaa ya mwanzo, timu za mbwa na mitambo hazijafika bado. Ila kuna kitu kinaniuma: tunambeba kwanza anayepiga kelele. Anayelia kwa nguvu anapumua huyo. Aliyenyamaza pale pembeni ndo wa kumkimbilia.

Mwaka 1983 kikosi cha zimamoto cha Newport Beach, California, pamoja na hospitali ya Hoag walitengeneza utaratibu unaoitwa START, wa kuwapanga majeruhi kwa rangi nne kujua nani abebwe kwanza, na sio mgumu hata kidogo. Unapaza sauti, anayeweza kutembea aje huku, hao wote kijani, wasubiri. Waliobaki unawapitia mmoja mmoja, usizidi dakika moja kwa mtu. Hapumui? Mfungue njia ya hewa, akianza kupumua ni nyekundu, akigoma ni nyeusi unaenda kwa mwingine (hapa roho inauma sana, najua, lakini ukikaa naye dakika ishirini kuna wawili nyuma yako wanaishiwa damu). Anahema zaidi ya mara 30 kwa dakika, au mshipa wa mkononi hausikiki, au unamwambia finya mkono wangu hafinyi, nyekundu, atangulie. Wengine njano, wafuate baada ya nyekundu. Damu inayotoka kwa kasi ikandamize hapo hapo, na rudi kuwaangalia tena maana hali hubadilika. Hiyo ni kwa watu wazima, watoto wana hesabu yao.

Na jamani msipande kifusi umati mzima, mnawaangushia walio chini. Awepo mmoja wa kuongoza, aulize walionusurika nani alikuwa chumba gani, aandike. Halafu kila baada ya muda zima kila kitu, mashine, simu, maongezi, msikilize, mtu anaweza kuwa anagonga bomba tu sauti imeshamwisha. Aliyebanwa mguu na zege masaa mengi msimchomoe kwa pupa, sumu ya misuli iliyobanwa ikirudi mwilini inaweza kusimamisha moyo, wahudumu wa afya wamwekee dripu kwanza.

Mhariri, tuwekee ukurasa mmoja wa hizo rangi nne watu wakate wabandike ukutani. Kuuandika nitasaidia bure.

Msomaji wako,
Mwalimu wa huduma ya kwanza