Malalamiko Kuhusu Data Iliyoachwa Wakati wa Kubadilisha Diski

Ahero, Kaunti ya Kisumu
10 Machi 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Ukarabati,
Kisumu.

Bwana/Bibi Meneja,

MINT: DISKI YA ZAMANI ISIGUSWE TENA

Tarehe 3 Machi nilileta kipakatalishi changu katika duka lenu la mjini, diski yake ikiwa imeanza kugongagonga kila nilipofungua faili kubwa, nikaomba kitiwe diski mpya ya SSD, ile isiyozunguka, na kila kilichokuwamo kihamishiwe humo. Dada aliyenipokea aliandika kwenye stakabadhi, kwa kalamu ya bluu: "Nakili yote, C na D. Diski ya zamani irudishwe." C na D ndizo sehemu mbili ambazo diski hiyo moja iligawanywa. Nililipa shilingi 8,500 kwa M-Pesa kabla sijaondoka.

Nilipokichukua tarehe 6 kiliwaka upesi, nami nikashukuru. Nyumbani ndipo nilipogundua kwamba Windows imewekwa upya, faili za C zimerundikwa katika folda moja, na D haipo kabisa. Humo D ndimo zilimokuwa rekodi 63 za sauti nilizozikusanya tangu mwaka 2016 kwa wazee wa Nyakach na Seme, wakisimulia ngano na kunitajia majina ya samaki na ya pepo za ziwani. Nyanya yangu, aliyefariki mwaka 2021, yumo katika kumi na moja kati ya hizo. Katika mojawapo anakatiza hadithi amfukuze kuku mlangoni, kisha anaendelea palepale alipoachia. Sikuwa na nakala nyingine, na hiyo ndiyo sababu nililipia huduma yenu badala ya kununua diski na kujaribu mwenyewe.

Nilipopiga simu kesho yake, fundi alinieleza kwamba diski ya zamani ilikuwa ya gigabaiti 500 na mpya ni ya 480, kwa hiyo yote yasingeingia. Maelezo hayo siyakubali. Vilivyokuwamo havikufika gigabaiti 200; kilichozidi ni nafasi tupu, na nafasi tupu haihitaji kuhamishiwa kwenye diski mpya. Diski inayogongagonga hunakiliwa kwanza kwenye diski ya tatu, programu ikisoma kwanza sehemu zisizo na hitilafu kabla ya kurudia zile mbovu, kwa kuwa kila dakika diski hiyo inayozunguka huenda ikawa ya mwisho. Kisha sehemu ya D hupunguzwa katika nakala hiyo, wala si katika diski yenyewe, ndipo yote huhamishiwa kwenye diski mpya. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na kama fundi hakuwa na muda au diski ya tatu, ilimpasa anipigie simu kabla ya kuamua kipi changu kibaki na kipi kiachwe.

Lililoniumiza zaidi ni jibu la pili: kwamba diski yangu imekwisha kufomatiwa na kuwekwa rafuni pamoja na diski kuukuu za kuuzwa. Wazee wale walikubali niwarekodi kwa ahadi kwamba sauti zao hazitafika kwa mtu wasiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azilinde, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa na ya kufidiwa anapopata hasara.

Bado kuna tumaini, na ndiyo maana naandika kwa haraka. Ikiwa fundi alitumia fomati ya upesi, kilichofutwa ni orodha ya faili tu. Sauti zenyewe zimo hadi kitu kingine kiandikwe juu yao. Kwa hiyo naomba diski hiyo isiunganishwe na mashine yoyote, hata kwa majaribio, wala isiuzwe. Naomba pia mnirudishie ada ya kunakili, na mgharimie kazi ya kuzirejesha rekodi kwa mtaalamu nitakayemchagua. Jibu lenu la maandishi linifikie kabla ya tarehe 17 Machi. Likikosekana, nitayapeleka malalamiko haya kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Nitafika dukani mwenyewe Jumatano asubuhi kuichukua diski hiyo. Naomba niikute imetengwa, imefungwa kwenye bahasha na kuandikwa namba ya stakabadhi yangu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Ahero