Gari ya testi usituletee magharibi

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuitwa mwizi. Wiki iliyopita mteja wetu mmoja, mzee ana shule ndogo ya udereva na gari moja tu ya kufundishia, alikuja magharibi yaingia na testi ya wanafunzi wake ni kesho asubuhi, eti "fundi nikazie tu hendibreki". Nikamwambia mzee wangu hii yataka magurudumu ya nyuma yatoke, tufungue ngoma za breki, shuu zinazobana ngoma kwa ndani tuziseti huko kwanza, kebo ndio ya mwisho. 1,500 ufundi, spea mbali. Akaona namchuna. Akaenda kwa kijana fulani akavutiwa kebo kwa 300 na kweli ikashika, shida haikuachia. Mwanafunzi kwenye kilima kashusha hendibreki, kaachia klachi taratibu kama alivyofunzwa, gari ikazima, akawasha ikazima tena, akaangushwa. Gari ikarudi kwetu yanuka moto, kufungua ngoma shuu zimekwisha mpaka chuma chakwaruza na ngoma moja imeingia mitaro. Ile 1,500 ikawa 9,000 na kitu, na mwizi ni mimi!

Gari ya kufundishia si kama ya nyumbani jamani, kila siku watu kumi wajifunza klachi juu ya sahani moja, na hendibreki yavutwa kuliko hata honi ya matatu. Lazima ifunguliwe mara kwa mara. Nakumbuka dada mmoja alikuwa akitembea na jiwe kwenye buti badala ya kutengeneza hendibreki, akifika mahali anashuka anaweka nyuma ya tairi. Siku moja foleni ya feri Likoni ikasimama pale kwenye mteremko, jiwe liko kwenye buti, gari ikarudi nyuma ikabusu tuktuk. Tuktuk ya watu alilipa yeye.

Halafu kuna hii ya kuazima tairi za siku ya testi. Unapiga tairi nzima za ndugu yako asubuhi, jioni unarudishia vipara vyako. Sisi hatufungi, tafuta gereji nyingine. Na hata tairi yenye meno usiiamini kwa macho, angalia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, 1416 ni wiki ya 14 mwaka 2016, hiyo na jua la Mombasa ishapasuka ubavuni. Ndani ya mifereji pia kuna vinundu vidogo, meno yakilingana navyo ujue imebaki milimita 1.6 tu.

Taa nazo, mtu anabadilisha balbu ya breki mara tatu na kumbe balbu haina kosa, ni chumvi ya bahari imekula waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, pale unapofungwa kwenye bodi. Kusugua ni dakika kumi, kuitafuta ndio kazi, na ndio unalipia.

Kwa hivyo gari ya testi tuletee siku tatu kabla, spea ikikosekana tuwe na nafasi ya kuzunguka Mwembe Tayari. Bei ni ile ile, na vitu vibovu tukivitoa unarudishiwa uvione mwenyewe. Shuu za yule mzee bado ziko hapa kwenye gunia, aje azichukue.